Herufi za Gunia

Mwanangu Twaha,

Nakuandikia nikiwa mezani na wewe uko chumba cha pili. Nasikia unavyofunga zipu ya begi, unaifungua, unaifunga tena. Ya kula na kulala, ya marafiki na ya kutunza simu, shangazi yako ameshayamaliza, na baba yako ameongeza yake. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo lingine ambalo ningekuambia kwa mdomo kama ningeweza. Nimejaribu wiki hii, jikoni, ukiwa umekaa kwenye kile kiti kifupi, nikaishia kukuuliza kama umefua mashati.

Jumapili ulinikalisha mbele ya kompyuta ukanionyesha kazi unazozipeleka Dar. Ukaniambia kwamba hao waliokuajiri wamezipenda herufi zangu nene, zile nilizozichora zamani, kuliko vyote ulivyowapelekea, na kwamba wanataka kuzitoa rasmi, mtu yeyote mahali popote aweze kuzitumia, na wewe unataka ziitwe kwa jina langu. Halafu ukaikuza tarakimu ya tatu, ile 3, mpaka ikajaa kioo kizima. Ukasema, "Mama, hii ndiyo nzuri kuliko zote. Nyingine zimebanana, hii peke yake inapumua. Uliipata wapi?" Nikakujibu kwamba chai inachemka, nikaondoka. Hapakuwa na chai jikoni.

Sasa nakujibu.

Unaye mjomba. Jina lake unalijua, Hamisi, na unajua kwamba hatutembeleani. Ulipokuwa mdogo ukiuliza nilikuwa nakuambia ni mambo ya wakubwa. Yalikuwa mambo yangu mimi.

Tulizaliwa wawili tu, Iringa mjini, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya Wahindi. Babu yako alikuwa fundi cherehani wa kibarazani, mtu wa maneno machache. Hamisi alinitangulia, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijapelekwa shule. Alikuwa anaokota kipande cha mkaa anaandika ukutani jikoni, herufi kubwa, nene, za kipande cha mkaa, na mimi napitisha kidole juu yake mpaka kidole kinakuwa cheusi. Mama alikuwa akigomba kwa ajili ya ukuta, lakini hakuwahi kuufuta.

Hamisi alikuwa na akili kuliko mimi. Walimu wote wa Iringa waliomfundisha wangekuambia hivyo. Alifika kidato cha pili, macho ya baba yakaanza kukataa sindano, na mimi nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari. Hakuna aliyemwambia aache shule. Siku moja alirudi nyumbani, akavua sare, akaikunja vizuri, akamwambia mama kwamba kuna mtu wa Ruaha Mbuyuni anatafuta vijana wa kulima vitunguu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikasikia, na nilifurahi. Nataka ujue hilo pia. Nilifurahi kwa sababu nilijua maana yake ni kwamba mimi nitaendelea.

Nikaendelea. Nikasoma, nikaenda Dar kujifunza uchoraji wa matangazo, nikaolewa na baba yako, tukahamia huku Mbeya. Hamisi naye alitoka kwenye kibarua akakodi shamba lake karibu na mto. Kila msimu alikuwa akitutumia mzigo wa vitunguu kwenye gari la mtu anayemfahamu, na juu ya mfuko ameandika jina langu kwa mwandiko wake, mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa vizuri na kuachishwa mapema.

Zile herufi nilianza kuzichora nikiwa nimeajiriwa kwenye duka la stesheneri pale Mwanjelwa. Unaijua Mwanjelwa ya leo. Ya wakati ule ilikuwa hivyohivyo, vumbi kiangazi, tope masika, na kila duka linagombea jicho la mpita njia. Vibao vyote viliandikwa kwa herufi nyembamba zenye mikia. Mimi nikataka herufi ambayo dereva wa lori ataisoma bila kupunguza mwendo. Nikazichora nyuma ya kalenda za zamani, nikazijaza wino mpaka zikawa nzito, halafu nikaziingiza kwenye kompyuta ya tajiri wangu, moja moja, jioni baada ya kazi. Nilizinyima nafasi ya ndani kadiri nilivyoweza. Tundu la A lilikuwa dogo kama punje ya dengu. Nilikuwa najivunia hilo.

Wenye mashine za mpunga wa Ubaruku ndio waliozipenda mwanzo. Wakazichapisha kwenye magunia ya mchele, na watu wakaanza kuziita herufi za gunia, na kweli zilifanana na gunia lililojazwa likashonwa. Baadaye zikaenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye mabango ya harusi, kwenye matela ya malori. Nilikuwa nakubeba mgongoni napita njia ndefu kwa makusudi ili nizione ukutani. Baba yako alikuwa ananicheka. Sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa binti wa fundi cherehani na mji mzima ulikuwa unasema kwa sauti yangu.

Utakapokuwa na kitu chako ambacho watu wanakipenda, utataka kukitia kila mahali. Mimi nilifanya hivyo. Herufi ya namna ile ni kama mpiga debe wa stendi. Kwa kuita watu, hakuna wa kumshinda. Lakini huwezi kumchukua mpiga debe ukamwambia amsomee mgonjwa maelekezo ya dawa. Hili nilikuwa nalijua. Nilifundishwa darasani na niliandika kwenye mtihani nikapata alama zake.

Jirani yetu wa pale Mwanjelwa alikuwa na duka la pembejeo. Aliingiza dawa mpya ya kuua magugu kwenye vitunguu, anaifungasha upya kwenye chupa ndogo, akataka lebo. Alitaka jina la dawa lionekane toka barabarani, na hilo lilikuwa halali yake na halali ya herufi zangu. Yale maelekezo ya chini, kwamba mkulima atie vifuniko vitatu kwa pampu moja ya mgongoni, hakuniambia niyaandike vipi. Mimi ndiye niliyeamua yawe kwa herufi zilezile, zimepunguzwa mpaka zikawa ndogo kama mchwa. Niliona lebo ikipendeza hivyo, ikiwa kitu kimoja kuanzia juu mpaka chini.

Nikachapa karatasi ya majaribio. Nikaishika karibu na dirisha. Karatasi ilikuwa ya bei rahisi, wino umetambaa, na tatu yangu, ambayo ncha zake nilizikunja ndani sana kwa ajili ya urembo, ilikuwa imefumba mdomo. Ilikuwa nane. Haikuwa kama nane, Twaha; ilikuwa nane. Ningebadilisha mstari mmoja ule ukawa wa herufi nyembamba, kazi ya muda mfupi tu. Lakini ningevuruga lebo yangu. Nikajiambia kwamba kule kiwandani wachapaji wana mashine nzuri zaidi. Nikaipeleka.

Kwa yaliyotokea baadaye, watu wa pale Mwanjelwa walikuja kumlaumu mwenye duka, na mimi niliwaacha wamlaumu. Yeye hakujua. Aliyejua ni mimi.

Mjomba wako alikuwa hajawahi kuitumia dawa ile. Alikuwa mkulima mwangalifu, wa kuuliza kwanza. Safari hii hakuuliza, na sababu yake alinieleza mwenyewe, baadaye kidogo utaisikia. Akapima vifuniko vinane. Vitunguu vilikuwa vimeshasimama vizuri, watu wanasema msimu ule shamba lake lilikuwa zuri kuliko yote ya upande ule wa mto. Ndani ya siku chache majani yakawa ya njano, yakalala, yakakauka kuanzia nchani.

Alikuja Mbeya na chupa mfukoni na majani ya vitunguu yaliyoungua ameyafunga kwenye gazeti. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa mwenye duka la pembejeo, kwa sababu alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Kelele zikaanza. Mwenye duka alikuwa anasema kwamba wakulima hawasomi maelekezo, wanapima kwa macho halafu wanakuja kulia. Watu wakajaa barazani. Ndipo akamtuma kijana wake aniite, kwamba mama aliyeandika lebo yuko hapo jirani, aje asome yeye mwenyewe, maneno yaishe.

Nilipofika nikamkuta kaka yangu amesimama katikati ya watu, na uso wake ukafunguka aliponiona. Alidhani amepata mtu wake. Akasema taratibu, "Mdogo wangu, nilipoona herufi zako kwenye chupa sikuuliza mtu. Nilijua hii imepita mikononi mwako."

Mwenye duka akanipa ile chupa. "Mama Twaha, tusomee. Imeandikwa vifuniko vingapi?"

Nikaitazama. Niliona nane, waziwazi, kama ninavyoliona jina lako juu ya karatasi hii. Mwenye duka alikuwa mteja wetu mkubwa na tajiri wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nakuambia hayo ili uyajue, si kwamba yananisaidia.

Nikasema, "Tatu."

Hamisi akanyoosha mkono kuomba chupa, aangalie tena, akidhani labda ameshika nyingine. Na mimi badala ya kumpa, nikaongeza. Hakuna aliyeniomba niongeze. Nikasema, "Anayejua kusoma anaona ni tatu."

Watu wakacheka, si wengi, cheko fupi la watu wanaotaka kurudi kwenye shughuli zao. Kaka yangu hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye uliyesoma." Akayakunja yale majani yake kwenye gazeti akaondoka. Alikuwa ametoka Ruaha Mbuyuni toka alfajiri, na sikumpa hata maji.

Jioni ileile, baada ya duka kufungwa, nilikaa kwenye kompyuta nikaifungua ile tatu. Nikazirudisha ncha nyuma, nikapanua mdomo, nikatia hewa ndani. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko herufi nyingine yoyote. Lebo mpya zikachapwa, na safari hii mstari wa maelekezo niliuandika kwa herufi nyembamba. Chupa za zamani zilizobaki sijui ziliuzwa kwa nani. Sikuuliza.

Hapo ndipo nilipoipata, mwanangu. Tatu uliyoipenda ni ushahidi kwamba nilijua.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Hamisi alishindwa kulirudia shamba, mwenye shamba akampa mtu mwingine. Vitunguu havikuja tena kwenye gari la mtu. Mama alipofariki tulikutana Iringa msibani. Aliwapokea watu, alisimamia kaburi, na mimi alinipa mkono na kuniambia pole kama anavyowaambia majirani. Nikajisemea kwamba hasira zitapoa. Nikangoja zipoe. Unajua ninavyopenda kungoja; umenicheka mara nyingi kwamba hata simu naiacha iite kwanza. Nilikuwa nangoja yeye aanze, mimi niliyemkosea.

Mwaka juzi nilikuaga kwamba nakwenda Iringa. Sikwenda Iringa. Nilikuwa nimesikia kwamba Hamisi anabeba magunia kwenye mashine moja ya mpunga Ubaruku, nikaenda huko.

Uwanja ulikuwa umejaa mchele umepakiwa tayari, na magunia yote yalikuwa na herufi zangu. Nilimwuliza msimamizi kama anamfahamu mzee Hamisi wa Iringa. Akasema, "Yule asiyejua kusoma? Anakuja kuchukua posho sasa hivi, msubiri hapa."

Nilidhani anamsema mtu mwingine. Kisha nikamwona kaka yangu akija, nywele zimekuwa nyeupe, begani ameweka kipande cha gunia cha kuzuia michubuko. Akafika mezani. Karani akamgeuzia kitabu na kumsogezea kidau cha wino, bila kumwuliza, kwa mazoea. Hamisi akakandamiza dole gumba, akaliweka kwenye mstari wake, akalifuta kwenye suruali.

Tulisogea pembeni kwenye kivuli cha ghala. Nilimsalimia, akaitikia vizuri. Aliniuliza habari zako, jina lako analijua. Nikamwuliza, "Kaka, kwa nini unaweka dole?"

Akajibu bila kupandisha sauti. "Ulisema mbele za watu kwamba sijui kusoma. Mdogo wangu mwenyewe. Nikionekana nasoma, nitakuwa nimekufanya mwongo."

Nilitafuta uchungu kwenye sauti yake nikaukosa. Ningeupata ningepumua. Alilisema kama mtu anayeeleza utaratibu wa kazi. Nikamwomba msamaha, nikamwambia kila kitu, karatasi ya majaribio, dirisha, na ile tatu niliyoifungua jioni. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alishanisamehe zamani, na kwamba mawingu yamejaa, niwahi gari. Alisema hivyo kama mwenye duka anavyomwambia mteja kwamba wameshafunga.

Na sasa nitakuambia lililo baya kuliko la Mwanjelwa, maana lile nilikuwa kijana na hili nilikuwa mtu mzima. Wakati natoka, msimamizi alinisindikiza hadi getini. Alikuwa ameambiwa kwamba mimi ndiye mwenye zile herufi za magunia yao, akawa ananisifu, anataka niwachoree nembo mpya. Akasema kwa utani kwamba ni ajabu, ndugu mmoja anaandika hivi na mwingine hajui hata kusaini. Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitosha, kwamba yule mzee ndiye aliyenifundisha kusoma. Nikatabasamu nikasema ndiyo, ni ajabu.

Nilikaa kwenye gari mpaka Mbeya nikijaribu kufahamu kwa nini nilitabasamu, na mpaka leo sijapata jibu ambalo ningependa ulisikie. Nilikuwa nadhani uongo ule wa Mwanjelwa ulitoka kwenye woga. Pale getini hapakuwa na cha kuogopa. Nimezoea tu kuwa yule aliyesoma.

Sikuandikii haya ili uzikatae herufi. Zichukue. Faili zote ziko kwenye ile diski uliyoinunulia kava la bluu. Wape hao watu wa Dar, wazitoe kama wanavyotaka. Lakini jina langu usiliweke, na wala usiweke la mjomba wako ukidhani unamlipa. Hakuomba, na hilo lingekuwa urembo mwingine wa kwangu. Waambie jambo moja, kwamba zisitumike kwa maandishi madogo, hasa palipo na tarakimu. Watakuuliza sababu. Wape kisa hiki chote, na useme kwamba aliyefanya hivyo ni mama yako. Usiseme "kuna mama mmoja". Nataka kiwepo chumba kimoja, hata kama siko ndani yake, ambamo watu wanajua kwamba Hamisi alisoma sawasawa kilichoandikwa.

Na siku itafika mtu atakuja na kazi yako mkononi akuambie imemdhuru. Itakuwa siku mbaya, pengine mbele ya watu unaotaka wakuheshimu. Sijui nikuambie nini cha kufanya. Mimi nilikuwa na nafasi mbili na zote nilizitupa. Mimi si mtu wa kukufundisha. Najua tu kwamba baada ya neno la kwanza, la pili linakuja lenyewe, na la pili ndilo ambalo halirudi.

Kesho basi lako litapita njia panda ya kwenda Ubaruku, na baadaye, mkishaiacha Iringa, litapita Ruaha Mbuyuni, utaona vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Sikuombi ushuke popote. Tiketi yako ni ya Dar na watu wanakusubiri. Namba ya simu ya mjomba wako nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mimi nikipiga hapokei, lakini namba yako haijui. Ukimpata, mpe shikamoo kwanza, ngoja aitikie, ndipo umwambie wewe ni mtoto wa nani. Akikata, mwache. Akiongea, msikilize yeye, usinitetee hata kwa neno moja.

Akikupa salamu za kunifikishia, niletee kama zilivyo. Asipokupa, Twaha, usinitungie.

Mama yako,
Zuhura